Pipa la Kuzeesha Mafuta

Benchi letu limeegemea ukuta wa gereji ya Injinia, mahali ambapo kahawa hufika mapema na kazi huchelewa. Injinia hajawahi kuliona darasa la uinjinia. Anatengeneza majenereta, na mengi yakitoka kwake hurudi kesho yake. Kando yake hukaa Waziri, karani mstaafu wa ofisi ya maji, ambaye husikiliza taarifa ya habari kisha akaisimulia kana kwamba aliiandika yeye. Wa tatu ni Spidi, dereva wa teksi asiye na haraka na lolote, aliyemuoa dada yangu. Mimi ni fundi viatu, kibanda changu kimepakana na benchi, kwa hiyo upuuzi wao wote unapitia masikioni mwangu. Asubuhi hiyo walikuwa wanasubiri lori. Nyuma yao, juu ya jiko kubwa la dizeli, pipa zima la mafuta ya kupikia lilikuwa linachemka. Mafuta mapya kabisa, na ndani yake hamna hata kipande cha kiazi.

Mkasa wenyewe ni huu. Serikali imeamuru mafuta ya magari yachanganywe na mafuta ya mimea, tena si ya mimea ya shambani, bali ya kizazi kipya, yanayotengenezwa kwa mabaki: maranda ya mbao, mabua, na mafuta yaliyokwisha kukaangiwa. Kampuni zikapewa ruzuku ya kuyakusanya kwa malori, na ghafla mafuta machakavu yakawa na bei kubwa kuliko mapya. Injinia aliposikia hivyo hakulala. Sasa dada yangu anakaanga viazi mbele ya nyumba, na viazi hivyo ndivyo vinavyowalisha watoto tangu petroli ipande na teksi ya Spidi iegeshwe. Spidi akabeba madumu yote ya mafuta ya mkewe, akayamimina kwenye pipa ili yazeeke na kuuzwa kama machakavu. Nilimwambia, shemeji, hebu fikiria kwanza. Akanijibu kwamba mimi nimezoea kutazama soli tu, siwezi kuona mbali.

INJINIA (anakoroga kwa mpini wa fagio): Yameanza kubadilika rangi. Bado kidogo tu.

SPIDI: Kidogo kiasi gani? Mke wangu hajawasha jiko tangu juzi.

WAZIRI: Tulia, bwana. Hili ni suala la kisera. Serikali ina dira.

INJINIA: Dira ipi? Ile iliyotuambia tupande mibono ya kukamulia dizeli?

WAZIRI: Ile ilikuwa kizazi cha kwanza.

INJINIA: Kizazi cha kwanza hata mbuzi walikisusa! Baba mkwe wangu aling'oa mahindi akapanda mibono. Tumemzika mzee, mnunuzi bado yuko njiani.

WAZIRI: Ndiyo maana wameachana na shamba wakahamia jalalani. Wataalamu wamekaa, wakaona jalala ndilo letu.

MIMI: Kama wanachanganya na takataka, mbona petroli imepanda?

WAZIRI: Kwa sababu takataka sasa ina kamati. Kamati ina mwenyekiti, mwenyekiti ana gari, na gari lake halinywi maji.

Tukacheka, kahawa ikazunguka. Simu ya Spidi ikaita. Akaitazama, akaigeuza kifudifudi kwenye benchi.

SPIDI: Mama watoto. Nitapokea nikiwa na majibu.

MIMI: Injinia, hilo jiko lako linatumia nini?

INJINIA: Dizeli. Si unaona?

MIMI: Tangu lini linawaka?

INJINIA: Tangu juzi.

MIMI: Kwa hiyo mnachoma dizeli ili mpate dizeli.

INJINIA: Kwani mimi ndiye niliyeanza? Uliza huko juu.

WAZIRI: Huo unaitwa mnyororo wa thamani. Wewe shona viatu.

Nikashona viatu. Lakini Injinia akaingia gereji, akatoka na kopo la masizi aliyokwangua kwenye bomba la moshi, akayamwaga yote ndani ya pipa.

MIMI: Wewe! Hayo mafuta si ya chakula?

INJINIA: Lazima yapate sura ya uzee. Wakiyakuta meupe watauliza.

MIMI: Na wakiyakataa, dada yangu atakaangia nini?

INJINIA: Hawawezi kukataa. Wana shida ya mafuta hawa. Ndege zote zinayasubiri.

SPIDI: Ndege?

INJINIA: Ndege hasa! Mafuta ya viazi ni mepesi, yanapaa yenyewe. Rubani anazima injini anasinzia.

WAZIRI: Nyie hamjui kitu. Siri iko kwenye moshi. Ndege ikipita juu yako, moshi unanukia samaki. Unasikia njaa, unakimbilia dukani, unakuta vyakula vyote vimetoka kwa wenye ndege. Hiyo ndiyo biashara.

INJINIA: Hilo dogo. Wakimaliza masufuria wataingia saluni. Mafuta ya nywele! Kila kichwa kitafungwa mita.

WAZIRI: Vichwa vya mtaa huu vitawatia hasara. Watafuata vitambi. Umeona wakubwa wanavyonenepa? Unadhani ni ulafi? Ile ni akiba ya taifa. Siku meli ya mafuta ikichelewa, wanaitwa mmoja mmoja, wanakamuliwa.

SPIDI: Kumbe!

Alisema "kumbe" kwa moyo wote. Hapo nikaingiwa na hasira ya kweli. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, amekabidhi riziki ya nyumba yake kwa watu wa namna hii, na anashukuru kwa kuelimishwa.

Lori likaja. Akashuka msichana mmoja wa kampuni amevaa glavu, mkononi ana chupa ya kioo. Akatusalimia vizuri, akachota mafuta, akayainua kwenye mwanga. Masizi yalikuwa yanaogelea. Wote watatu wakasimama wima kama wanapokea mgeni wa taifa.

MSICHANA: Ni mengi kweli. Yamekaangiwa nini?

INJINIA: Samaki.

WAZIRI: Kuku.

SPIDI: Viazi.

INJINIA: Yaani vyote hivyo. Tulikuwa na shughuli.

Msichana akalitazama lile pipa toka juu hadi chini. Akatazama benchi, vikombe, mimi na kiatu changu mkononi. Hakuwa na dharau hata kidogo. Alitaka kujua tu.

MSICHANA: Pipa zima hili? Sasa nani alikula?

Injinia akaanza kukoroga upya. Waziri, mtu mwenye jibu la kila swali lililowahi kuulizwa bungeni, akachungulia ndani ya kikombe chake akabaki humo humo. Mimi nikashona kiatu changu. Mwishowe Spidi akavua kofia.

SPIDI: Bado hatujala, dada. Tangu juzi tunawasubiri nyie.