Chakula cha Mayala

MAMA: Haloo? Nani mwenzangu?

MARTINA: Mimi, mayu. Martina. Shikamoo.

MAMA: Marahaba, mwanangu! Sogea kwenye mtandao, unakwaruza. Jirani yetu Generosa kanionyesha picha yako ya chuoni. Umenawiri! Nimeringa Masumbwe nzima, wewe —

MARTINA: Mama, nimetoka zahanati.

MAMA: Unaumwa?

MARTINA: Presha. Daktari anasema uzito umezidi. Chipsi mayai, soda, kushinda kitandani na simu... Nikiendelea hivi, anasema, moyo utachoka.

MAMA: Hao nao! Mtu akishiba wao wanaona ugonjwa. Achana na —

MARTINA: Nakula sahani mbili, mama.

MAMA: Si chakula tu?

MARTINA: Kila jioni. Yangu, halafu... ya kaka Mayala.

(Mtandao unakwaruza.)

MARTINA: Haloo? Upo?

MAMA: Nipo.

MARTINA: Siku ile duara, lile shimo la dhahabu, lilipoporomoka machimboni na kaka yumo ndani, si ulinipa chakula chake? Ukasema, kula na cha kaka yako kisipoe, akitoka atapikiwa kingine.

MAMA: Nilitaka ule! Ulikuwa umegoma hata —

MARTINA: Na wewe unampakulia mpaka leo. Generosa kaniambia. Ugali, mlenda, unafunika.

MAMA: Hawajamtoa! Hata mwili sijapewa. Nifanyeje, nizike nguo?

MARTINA: Sikulaumu, mayu. Ila nikishiba tu, namsikia kule chini ana njaa. Naagiza tena. Tumbo linauma, nakula huku nalia.

MAMA: Yesu wangu!

MARTINA: Hata sasa sahani yake ipo hapa mezani. Inapoa. Nikiiacha atakula nini?

(Mlio wa kifuniko cha sahani kikifunuliwa.)

MAMA: Martina.

MARTINA: Sema haraka, salio linaisha —

MAMA: Mayala hana njaa.

MARTINA: Umejuaje?

MAMA: Kafa.

MARTINA: Mama...

MAMA: Kafa, mwanangu. Sijawahi kulitamka, hata padri nilimfukuza alipotaka kuniombea. Leo nasema. Mwanangu Mayala kafa, na wewe siachi shimo likumeze. Inuka. Kamwage hicho chakula.

MARTINA: Na cha huko?

MAMA: Nimeshakifunua. Nawapa kuku. (Analia.) Nawaita sasa hivi, sikia... kru, kru, kru —

MARTINA: Mama, usikate kwanza, ngoja nisimame, nime —

(Salio limekwisha.)