Mmoja Kati ya Wanne

Kijiwe cha Kibeta ni benchi moja la mbao chini ya bati la Ma Judica, muuza kahawa na kashata. Jioni hiyo mvua ilikuwa imewafukuza wengi, wakabaki watatu tu. Alikuwapo Profesa, fundi cherehani aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuna swali alilowahi kuliogopa. Alikuwapo Muhidini wa bodaboda, ambaye waliendelea kumwita Spidi hata pikipiki yake ilipolala gereji. Wa tatu alikuwa Kamugisha, mkulima wa migomba. Alikuwa ametoka hospitali, alikowaacha mkewe Annastella na binti yao Kokubanza, aliyekuwa akilia mifupa inamuuma. Alishika kikombe bila kunywa.

— Sema basi, waitu, mwenzetu, — Profesa alimwambia. — Vipimo vimesemaje?

— Selimundu, ule ugonjwa wa damu. Tumempa sisi wenyewe. Mimi ninayo nusu, Annastella anayo nusu, na hatuumwi. Daktari anasema kwa watu kama sisi, mtoto mmoja kati ya wanne huumwa. Wawili hubeba kimyakimya kama tulivyobeba sisi. Mmoja hutoka safi.

Ma Judica aliguna, akamwongezea kahawa ambayo hakuiomba. Profesa aliokota kijiti, akachora vyumba vinne kwenye udongo mbichi.

— Tazama, Ta Kamugisha. Chumba cha mgonjwa ni hiki. Kokubanza ameshaingia, kimejaa! Wanaokuja hawana pa kuugulia. Wahenga walisema, kutangulia si kufika.

— Methali hiyo inaingiaje hapo? — Ma Judica aliuliza.

— Inaingia. Itafakari tu.

Kamugisha alihisi kifua kinalegea kidogo. Moyoni alijua hesabu ile ina walakini, lakini ilikuwa tamu, na tangu asubuhi hakuwa amesikia neno tamu.

— Basi mfanye haraka, — Spidi alidakia. — Zaeni mfululizo mmalize vyumba. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.

— We Spidi! — Ma Judica alifoka. — Unatukana ndoa ya mtu!

— Au aongeze mke. Vyumba vinakuwa vinane. Mmoja kati ya wanane, si nafuu hiyo?

— Bora mapacha, — Profesa alisema, akiwa amenogewa. — Mapacha wanaingia chumba kimoja, ugonjwa wanagawana. Huyu anaumwa leo, yule kesho.

Kamugisha aliweka kikombe benchini.

— Elikana, — Kamugisha alisema polepole.

Wote walimkumbuka Elikana, mwanawe wa kwanza, aliyezikwa kabla hajaota meno yote. Walisema ni homa.

— Daktari aliniuliza alikuwaje. Nikamwambia vidole vilivimba, macho yakawa ya njano. Akainamisha kichwa. Anadhani na yeye alikuwa nayo.

Kijiti cha Profesa kilizunguka juu ya vyumba, hakikupata pa kutua.

— Basi wawili... mmechukua na cha jirani. Sasa ndiyo mmemaliza kabisa.

Wakati huo Annastella alifika, kanga imelowa. Alikuwa amemwachia dada yake mtoto ili arudi nyumbani kuchukua nguo. Mimba yake ilikuwa imeanza kuonekana.

— Ma Annastella, jipe moyo, — Profesa alimwahi. — Huyo uliyembeba ni mzima. Wenzake wamemaliza ugonjwa wote. Hesabu ndiyo hii.

Annastella aliitazama michoro ile. Hakukasirika. Aliuliza kwa upole, kama anayetaka kujua kweli:

— Profesa, huyu wa tumboni anajuaje kwamba kuna waliomtangulia?

Mvua ilipiga bati. Profesa alikitupa kijiti. Spidi alitazama barabarani. Ma Judica alishika birika akasahau kumimina.

Kamugisha aliinamisha uso. Swali hilo alilikimbia hospitalini. Alitoka chumba cha daktari upesi asije akajibiwa. Ile ahueni ndogo aliyoipata benchini ilimtoka yote, ikabaki mimba ya mkewe mbele yake, na mtoto ambaye hakuna aliyemjua bado.

Aliinuka, akavua koti, akamfunika Annastella mabegani. Wakashika njia ya nyumbani kutafuta nguo za Kokubanza.