Mama Jedidah na Ruhusa ya Kusema Tumekosa

Jumamosi hii, tarehe 31 Oktoba 1987, Bi Tryphena Wakesho anastaafu baada ya kuitumikia Vuria Hesabu na Kompyuta, hapa Voi, kwa miaka ishirini na mitatu. Sote tunamwita Mama Jedidah, na hata wateja wasiomjua Jedidah mwenyewe humwita hivyo hivyo. Mimi niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu, Dishon Ochola wa chumba cha mashine, nimeonywa na mstaafu mwenyewe nisitie chumvi. Nitajaribu, ila siahidi. Yeye ndiye aliyetufundisha kutoahidi ovyo.

Alijiunga nasi mwaka 1964, kampuni ilipokuwa chumba kimoja nyuma ya duka karibu na stesheni, na mali yake yote ilikuwa taipureta moja na mashine ya kujumlisha ya kuzungusha kwa mkono. Mwenye kampuni, Bwana Silvanus Mwandawiro, alimwajiri kupiga chapa. Kabla ya mwaka kwisha akamwuliza bosi wake swali ambalo halikuwa limemjia: tukikosea hesabu za mteja akapata hasara, mzigo huo ni wa nani? Bwana Mwandawiro alicheka. Mama Jedidah hakucheka, na tangu siku hiyo mambo ya mikataba na bima yakawa yake.

Tulimtania sana, na kusema kweli alijitakia. Alikuwa akimsomea mteja mkataba mzima kwa sauti, kifungu kwa kifungu, hata meneja mmoja wa shamba la mkonge akasinzia kitini. Chai ilipigwa marufuku karibu na mashine. Vumbi letu jekundu lilipigwa vita kwa leso mbili, moja juu ya nyingine, na ole wako uende nyumbani jioni bila kuifunika mashine. Nakala za diski zilikaa katika mkebe wa biskuti, tena katika jengo jingine, eti moto hauwezi kuunguza nyumba mbili kwa hasira moja. Siku moja alinusa moshi, akatufukuza sote nje na kutupanga mstari wa ndoo za maji. Kumbe ni jirani anachoma mahindi! Tulirudi ndani tukicheka. Yeye alirudi na hindi mkononi.

Mwaka 1983 tulipoleta kompyuta yetu ya kwanza, kwa mkopo, alidai kampuni ikate pia bima ya makosa ya kazi, ile inayomlipa mteja akiumizwa na kosa letu. Bwana Mwandawiro alilalamika kwamba tunalipia maafa ambayo hayajazaliwa. Tukamwambia mama kwamba ajali haina kinga. Akajibu kuwa haina kinga, sawa, lakini bima inayo. Bima ikakatwa, ikiwa na sharti moja ambalo alitukaririsha kama katekisimu: likitokea kosa, asiwepo wa kulikiri wala kuahidi fidia mpaka mkaguzi wa bima aje na kuruhusu. Ukikiri mapema, bima imekufa.

Maafa hayakukawia kuzaliwa. Mwaka 1984 Februari ilikuwa na siku ishirini na tisa. Programu tuliyouziwa haikuwa na habari. Iliruka kutoka tarehe ishirini na nane hadi Machi mosi. Kwa hiyo ratiba tuliyochapa ya lori la kukusanya mboga za wakulima wa Werugha, huko juu milimani, ikasema Alhamisi tarehe mbili, ilhali tarehe mbili ilikuwa Ijumaa. Wakulima wakafuata siku, dereva akafuata tarehe. Koliflawa, letasi na spinachi, zilizomwagiliwa kwa taabu mwaka ule wa jua kali, zilishinda na kulala kando ya barabara. Zilipofika Mombasa, mnunuzi alizitazama mara moja akazikataa.

Jumatatu Bi Susan Mghoi, mwenyekiti wa wakulima, aliteremka Voi na wenzake na kutumwagia gunia la koliflawa zilizooza mlangoni. Lo, harufu ile! Hakutaja fidia kwanza. Alisema kwamba kwao, ng'ombe wako akila shamba la jirani, unapanda hadi nyumbani kwake wewe mwenyewe, unasema nimekosa, ndipo mengine yazungumzwe. Basi wao wanangoja mtu wa Vuria apande.

Bwana Mwandawiro, muungwana wa watu, alishika kofia yake aende nao saa ile ile. Mama Jedidah akasimama mlangoni. Alimwambia kwamba neno hilo moja likitoka leo, bima haitalipa, kompyuta itauzwa, na sisi wote sita tutarudi kwetu na masanduku. Aliwapa wageni viti, akawapa pole kwa hasara, akawaambia jibu litakuja. Wao waliona wamedharauliwa. Waliondoka wakiapa kwamba wiki ikiisha bila mtu kupanda, watakwenda kwa wakili, na kazi yao hatutaiona tena.

Huenda wengine hawakujua jambo lililomkata maini zaidi. Mama Jedidah ni mzaliwa wa Mbololo lakini ameolewa Werugha, na baadhi ya mboga zile zilikuwa za mama mkwe wake. Ratiba ilitoka kwetu. Alijua kosa ni letu. Na hakuweza kumwambia bibi kizee wa watu hata neno moja. Siku mbili baadaye alipanda kwenye ibada ya Jumatano, na wanawake wakamwachia benchi zima akae peke yake. Alirudi Voi macho mekundu. Alituambia ni vumbi, nasi tukakubali kuwa ni vumbi.

Kesho yake alipanda gari moshi hadi Mombasa, na Ijumaa akarudi akiwa amemleta mkaguzi, Bwana Elijah. Mgeni alinuia kuiangalia mashine saa moja tu kisha arudi zake pwani. Mama Jedidah akamwambia, kwa heshima zote, kwamba mashine haikupata hasara yoyote. Iliyopata hasara ni Werugha. Tukapanda naye mlima. Ukungu ulikuwa umeshuka, na Bwana Elijah, katika shati lake la mikono mifupi, alitetemeka mpaka Bi Susan, pamoja na hasira zake, akamtupia shuka na kumpa kikombe cha maziwa ya moto. Aliona matuta matupu na lundo lililooza. Aliwasikiliza wakulima, waliokaa kwenye mabenchi, mmoja mmoja, bila haraka.

Walipomaliza, Mama Jedidah alisimama mbele ya watu wote akamwuliza kama ameridhika na ukaguzi wake, na kama sasa tuna ruhusa. Bwana Elijah alimaliza maziwa kwanza, halafu akasema bima inakubali kulipa, semeni. Mama Jedidah hakumngoja Bwana Mwandawiro. Alisema kwa Kidawida, lugha ya huko, kwamba tumekosa, na kwamba jina lililo kwenye karatasi ni letu, si la aliyetuuzia programu. Mama mkwe wake akasogea kwenye benchi, akapiga-piga nafasi iliyobaki. Huyu mama wa mikataba alikaa hapo akalia waziwazi, na safari hii vumbi halikutajwa.

Wakulima walilipwa, na mpaka leo ni wateja wetu. Kompyuta ipo, na sisi sita tupo. Programu ilirekebishwa, na hakuna ratiba inayotoka hapa kabla ya kulinganishwa na kalenda ya ukutani na mteja kuikubali nakala yake. Hayo yote ni kazi ya mikono yake, na kwa niaba ya Vuria nzima tunasema ahsante sana, mama.

Mama Jedidah, sasa unahamia Werugha moja kwa moja, kwa mama mkwe, ng'ombe na matuta ya mboga. Afya njema na siku nyingi za furaha ziwe nawe huko. Na kuanzia Jumatatu, ukimkosea mtu, mwambie papo hapo. Huna tena wa kumwomba ruhusa.