Kufuli la Kabati la Mitilia

Sogezeni viti, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Blažena, acha hiyo mito; nimekaa vizuri kadiri mtu wa kufa anavyoweza kukaa. Rado, zima simu. Nitakayosema leo sitayarudia, na nyumba hii haina mwanasheria, ina masikio yenu tu.

Nyumba na shamba la plamu ni vyenu nusu kwa nusu. Msigombanie mizinga, nyuki wamekwisha kufa wenyewe. Deni la fedha sina. Ninalo la namna nyingine, na mtalisikia.

Lililobaki ni chumba cha nyuma. Babu yangu Tobiáš, mlinzi wa misitu tangu enzi za mfalme wa Vienna, alizunguka milima hii kwa miguu akikusanya vitawi vya mitilia, miti hii ya maua ya chai, na kila mti aliuendea mara mbili, kiangazi kwa ajili ya maua na vuli kwa ajili ya mbegu, akisema kwamba mti uliouona mara moja ni sawa na mtu mliyesalimiana njiani, huwezi kudai unamjua. Vitawi alivibandika kwenye karatasi, akaandika mahali na siku, akazipanga katika kabati la chumba hicho, na maua ya ziada akayatia katika kibahasha alichokibana pembeni, ili anayetaka kuyachunguza asibandue yale yaliyobandikwa. Baba yangu hakuyajali makaratasi hayo. Nikayarithi mimi, na majira ya baridi ya maisha yangu yote nimeyamaliza humo, nikigeuza kila jani, nikitazama vinyweleo kwenye pembe za mishipa kama ni vyeupe au vya kahawia, nikiandika orodha. Babu alipokosea jina la mti sikulifuta. Desturi ya kazi yetu ni kubandika jina jipya kando ya la zamani, na kosa likae palepale, wazi, kila mtu alione.

Na miti yenyewe iko wapi? Ya bonde la chini imelala chini ya bwawa. Ya barabarani ilikatwa malori yapate kupita. Ule wa kanisani ulipasuliwa na radi, wakauchonga benchi. Katika miti yote ya babu ninaujua mmoja tu ulio hai, huu wa kisimani kwetu. Mimi nilidhani naihifadhi. Kumbe nilikuwa mlinzi wa makaburi.

Sasa mama yenu. Mnajua, lakini mnajua kwa minong'ono ya jikoni. Leo sikieni kwangu.

Babu alichovya kila kitawi katika dawa ya zebaki, sumu kali, ili dumuzi wasile. Sisi wa nyumba hii tulijua, tulinawa mikono kila tulipofunga kabati. Mwaka ule mvua ya Juni iliozesha maua, mtungi wa jikoni wa maua ya chai ukawa mtupu, na baridi ilipoingia mama yenu Otília akashikwa na homa. Nilikwenda mjini kumwita daktari. Ndugu yangu Imrich, aliyekwenda migodini tangu utotoni asijue habari za kabati, alikuwa amekuja kututembelea; nikamwachia mgonjwa. Na nani katika nchi hii asiyempa mwenye homa chai ya maua ya mtilia? Hata mtoto anajua. Akatafuta, akafungua kabati, akakuta vibahasha vya maua mazuri kuliko ya jikoni, hayana hata tundu moja la dumuzi, na hakujiuliza dumuzi wameyaogopea nini. Akayamimina kwenye birika. Niliporudi alinipokea mlangoni kwa furaha. "Kaka, amekunywa yote," akaniambia. "Nilimtilia asali, akasema tamu."

Tamu. Hakumaliza wiki. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo walivyosema wahenga. Wetu alikuja na mwenyeji akaenda kaburini.

Tangu maziko yale sijasema naye neno. Alijenga ng'ambo ya kijito, akazeekea huko, hakuoa. Baridi iliyofuata nilikuta kizingitini kufuli la shaba, jipya, zito, na funguo zake zimefungwa kwa uzi. Halikuwa na jina la mtu, nami sikuhitaji jina. Nililifunga kabatini, ahsante sikutoa. Hilo ndilo deni langu. Na mmeona wenyewe, watoto wa jirani wakicheza karibu na dirisha lile, yeye huvuka kijito na fimbo yake kuwafukuza, nao humwita kichaa.

Wale wa chuo kikuu mnawakumbuka. Yule mama wa miwani nusura alie kwa furaha nilipofunua karatasi ya kwanza. Kisha wakatoa kimashine chao cha kupimia sumu, kikalia. "Mzee, hii ni hazina," akaniambia, "lakini ghala letu haliwezi kuipokea." Akanipa mkono wa kwaheri, halafu akaenda kuunawa. Sikumlaumu.

Blažena, juzi ulidhani nimelala. Ulimwambia mdogo wako, "Akishazikwa nayachoma yale makaratasi, yamemla mama." Una haki ya kuyachukia. Lakini zebaki itapanda na moshi, na moshi hauchagui wa kumwua, utazika wanao. Na wewe Rado umepata mnunuzi anayetaka vyumba vya wageni. Atayatupa shimoni, kisima kipo hapo hapo. Basi hayachomeki, hayazikiki, na wenye elimu hawayataki. Hiyo ndiyo hazina ninayowaachia. Nimelia juu yake hata machozi yamekauka, na njia sijaiona.

Kwa hiyo funguo apewe Imrich.

Usiniangalie hivyo, Blažena. Sijamsamehe. Najaribu kila Jumapili na kila Jumapili nashindwa. Lakini duniani hakuna anayeliogopa kabati lile kama yeye, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Msomi iko siku atasahau kunawa. Wewe iko siku utampa mtu ufunguo kwa sababu una haraka. Imrich hatasahau hata usingizini. Najua ni mzee kama mimi, nampa mtu wa kesho kutwa kazi ya miaka mia. Ndiyo maana utajifunza kwake, Blažena: glavu, madirisha wazi, chakula kisiingie chumba kile. Na nyumba isiuzwe kabati likiwa ndani. Niapieni.

Haya. Nizikeni ubavuni mwa Otília. Mungu awape… awape watoto wanaosikia, na kazi isiyowaua, na msigawanyike kama sisi tulivyogawanyika. Nimewabariki. Wote wawili, na wanenu.

Subirini, sijamaliza. Nilimwomba padri amwite Imrich. Amekuja, naiona kofia yake dirishani, amesimama chini ya mti wa kisimani, hathubutu kubisha. Rado, yale maua niliyokutuma kuyachuma kiangazi… yako juu ya jiko, kwenye kitambaa. Ni ya mti huo huo. Chai hiyo haijanywewa humu tangu mama yenu. Naitaka.

Hapana, Blažena, kaa. Mwache Imrich aipike.

Mwambieni… mwambieni atie asali. Niinueni kichwa. Nitakunywa yote.