Kura ya Kidonge cha Tatu

Benchi letu limeegemea ukuta wa kibanda cha kinyozi, na ikifika saa moja asubuhi hupati pa kukaa hata ukija na hati ya nyumba. Mimi ndiye mwenye birika, kwa hiyo wananiita Birika, na silalamiki, maana wenzangu wamepewa majina mabaya zaidi. Kulia hukaa Wakili, ambaye mahakamani ameingia mara moja tu, alipoitwa kuwa shahidi akasahau alichokiona. Kazi yake ni kutoa fotokopi. Kushoto hukaa Chaji, fundi simu. Pembeni kabisa yuko Macho, mlinzi wa ghala, anayepitia hapa akitoka lindo na kutusikiliza akiwa ameyafumba hayo hayo macho. Katikati ni Kinyozi mwenyewe. Ana kisukari, huu mwaka wa pili, na kwa kuwa yeye pekee hatii sukari kwenye kahawa, tulimkabidhi mkebe wa sukari. Sisi wengine tulishathibitika kuwa wezi. Kinyozi hana upendeleo: kila mtu vijiko viwili, na kila kijiko anakisawazisha juu kwa kidole cha shahada ili asipunjwe mtu wala asizidishiwe. Akimaliza kugawa anajifuta kwenye taulo la begani, anatoa kimashine chake, anajitoboa kidole, na benchi zima linanyamaza kusubiri matokeo, ambayo huyaandika kwenye daftari la kliniki.

Siku ninayoisimulia ilikuwa siku yake ya kliniki, saa nne. Daktari alishamwambia safari iliyopita kwamba namba za asubuhi zikiendelea kuwa juu, dawa itabadilishwa, iwe kali zaidi. Kinyozi haogopi dawa. Anachoogopa ni mikono. Kwa wiki mbili, kila ikikaribia saa tano, mikono ilikuwa inamtetemeka na jasho linamtoka, na Jumanne alimchana mteja sikio kwa wembe. Kinyozi asiye na mkono ni mtu mwenye kiti tu. Alikuwa ameapa kwamba kibanda hafungi, liwalo na liwe.

— Ngapi? — akauliza Chaji.

— Kumi na tatu nukta nane.

— Na jana?

— Kumi na mbili nukta tisa.

— Unapanda, bwana. Ungekuwa timu ya mpira ungekuwa unaongoza ligi.

— Ningekuwa timu ya mpira ningemfukuza kocha, — akasema Kinyozi. Hakuwa anatania. — Jana nimekula mboga na kipande cha samaki, saa moja jioni. Tangu hapo sijagusa kitu, hata mate nimemeza kwa adabu. Sasa niambieni, sukari hii inatoka wapi? Leo sinyanyuki hapa bila jibu.

— Inaamka kabla yako, — akasema Macho bila kufumbua jicho.

— Nini inaamka?

— Sukari. Nesi alimweleza shemeji yangu. Alfajiri mwili unajiandaa kuamka, basi unajimwagia sukari wenyewe, ndani kwa ndani. Ndiyo maana asubuhi unaikuta juu hata kama hujala.

— Mwili ujimwagie sukari! — Wakili akapiga goti. — Una kijiko?

Tulicheka mpaka benchi likalalamika. Macho akarudi usingizini kwake. Hiyo ndiyo ilikuwa nadharia ya kwanza, na kwa aibu yangu niseme ndiyo pekee iliyokuwa na akili.

— Mimi nasema betri, — akaanza Chaji. — Simu ikiwa na betri mbovu inakwambia asilimia tisini, ukipiga tu, imezima.

— Betri nimebadilisha juzi.

— Basi ndiyo hiyo. Betri mpya haijamzoea mgonjwa.

— Wapi! — Wakili akamkatiza. — Ni mlalo. Ndugu yangu, unalalia upande gani?

— Kulia.

— Umeona sasa? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ukiinamia kulia usiku kucha, sukari yote inakusanyika mkono wa kulia, na ndio huo huo unaoutoboa.

— Kwa hiyo nitoboe wa kushoto?

— Wa kushoto hauna uzoefu.

Nami nikaona nisipitwe.

— Mvuke, — nikasema. — Ninyi mnatia sukari kwenye kahawa ya moto, mvuke unapanda, yeye kakaa katikati anauvuta. Na puani ndiko kwenye njia ya mkato ya kwenda kwenye damu.

— Kwa hiyo Birika ndiye anayemuua, — akasema Chaji.

— Nimefuta kauli.

— Tena sikilizeni, nimeipata! — Chaji akaendelea. — Vichwa vya wateja. Mtu kala keki jana, utamu unapanda kichwani, unatokea kwenye nywele. Na huyu mtu wetu anashika nywele kutwa.

— Na wenye vipara je?

— Hao ndio hatari. Kwao unatoka moja kwa moja, hauna kizuizi.

— Basi, — akasema Kinyozi. — Inatosha.

Akatoa kichupa cha vidonge, akamwaga kiganjani vitatu.

Hapo inabidi nieleze. Daktari alimwandikia kidonge kimoja kila asubuhi, pamoja na chakula. Lakini namba zilipogoma kushuka, benchi lilikaa kikao, wiki mbili kabla ya siku hiyo. Wakili alisimama akasema kinyozi hajinyoi, kwa hiyo mgonjwa hajitibu, tutamtibu sisi. Halafu akaongeza kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na kidonge kimoja hakivunji sukari. Ikapigwa kura. Viwili vikashinda kwa mikono minne, mmojawapo ukiwa wa Macho, ambao mpaka leo sijui kama ulikuwa mkono wa kura au alikuwa anajinyoosha. Na chakula cha asubuhi tukakifuta papo hapo, maana mtu mwenye kumi na tatu anakula ili iweje? Mkono wa kwanza kunyooshwa siku ile ulikuwa wangu. Nalisema hilo si kwa kujisifu.

— Leo daktari atanipima mwenyewe, — Kinyozi akasema. — Nataka anikute chini. Nimechoka kwenda pale kama mtoto aliyefeli mtihani. Semeni, vitatu au viwili?

— Vitatu, — Chaji akanyoosha mkono.

— Wengi wape, — akasema Wakili, na wake ukapanda.

Wangu ulikuwa njiani.

— Hodi hapo! Taulo hizi za nani?

Alikuwa mama mmoja wa makamo, mikono imekunjamana kwa maji, amebeba fungu la taulo kwa kulitenga na kifua chake, na jingine la taulo zilizofuliwa kichwani. Nilimtambua: dobi mpya wa uchochoro wa nyuma, ambaye tangu mwanzo wa mwezi alikuwa anamfulia Kinyozi.

— Ni zangu, mama, karibu. Zimechanika?

— Hazijachanika. Mimi taulo za vinyozi nimefua miaka kumi na minane. Nimekuta nywele, nimekuta damu, nimekuta hata jino, na sikuuliza. Lakini zako zina sisimizi. Nikiziweka tu chini wanakuja kwa mstari, wananifuata mpaka kwenye beseni. Nimekuja kuuliza: hapa mnanyoa watu au mnanyoa miwa?

— Vichwa! — Chaji akaruka. — Si nilisema? Ni vile vichwa!

Mama alikuwa anatazama mkebe wa sukari mapajani kwa Kinyozi, kisha kijiko, kisha kimashine juu ya benchi, kisha lile taulo la begani.

— Hicho si cha kupimia sukari?

— Ndicho, mama.

— Na unatoboa kidole gani?

Kinyozi akakinyanyua kidole cha shahada.

— Umekinawa?

Sote tukakitazama. Pembeni mwa ukucha kulikuwa na chembe mbili za sukari, zinametameta bila haya.

Nikachota maji ya moto ninayosuuzia vikombe, nikayapooza, Kinyozi akaleta sabuni ya kibandani kwake. Mama akasimama juu yake kama mwalimu wa zamu. Kati ya vidole. Chini ya ukucha. Suuza. Tena. Akampa taulo safi kutoka kwenye lile fungu jingine, Kinyozi akajifuta, akangoja kidole kikauke kabisa, akatia kijiti kipya kwenye kimashine na kujitoboa.

— Nane, — akasema. Akakisogeza karibu na macho. — Nane nukta moja.

— Betri hiyo... — Chaji akaanza, akaacha.

— Pima kingine, — nikamwambia.

Akapima cha mkono wa kushoto, usio na uzoefu. Nane nukta tatu.

— Hiyo nane sasa ndiyo ile ya alfajiri, — akasema Macho, na safari hii macho yalikuwa wazi.

Wakili akapiga makofi, akamkumbatia Chaji, wakaanza kucheka kama watu walioshinda kesi. Kinyozi hakucheka. Alikuwa anavitazama vidonge vitatu kwenye kiganja, na nikajua anahesabu nini, kwa sababu nami nilikuwa nahesabu. Nane, siyo kumi na tatu. Vidonge viwili badala ya kimoja. Tumbo tupu. Saa tano. Tulikuwa tunashusha kitu ambacho hakikuwa kimepanda hivyo, na kilipofika chini kabisa kikamtetemesha mtu mwenye wembe mkononi.

— Nimemchana mtu sikio, — akasema polepole. — Ingekuwa shingo je? Na mimi nilidhani ni ugonjwa.

Mama dobi akaliweka fungu lake chini.

— Daktari aliandika vingapi?

— Kimoja. Na chakula.

— Sasa hivyo vingine aliviandika nani?

Swali lenyewe la mtoto wa darasa la kwanza. Wakili akafungua mdomo, nikangoja methali, haikuja hata moja. Chaji akaanza kukagua soli ya kiatu chake. Mimi nilifunua birika nikachungulia ndani, kana kwamba jibu lilikuwa linachemka humo. Mama akatutazama mmoja mmoja, bila hasira, na hilo ndilo lililouma. Kisha akachukua fungu lake, akasema taulo zitakuwa tayari kesho, akaenda zake.

Wakili akakohoa.

— Tusikuze mambo. Hilo daftari lako la namba, chana kurasa za wiki mbili. Tuandike nane, nane, nane, saba na nusu ili lipendeze. Daktari atajuaje?

— Sichani.

— Atakufokea, ndugu yangu.

— Anifokee. Maji nimeshayavulia nguo, nitayaoga. — Sauti yake haikupanda, ila sijawahi kumsikia akiongea hivyo. — Akisoma kumi na tatu bila kujua kidole kilikuwa na sukari, atanipa dawa ya kumi na tatu. Nikimwandikia nane za uongo, atamtibu mtu ambaye hayupo. Mimi nipo. Nina mke, nina kibanda, nina mikono miwili ninayoitaka. Anitibu mimi.

Akavirudisha vidonge viwili kwenye kichupa, kimoja kikabaki kiganjani. Akamgeukia Macho.

— Lete.

Macho akashusha pumzi, akatoa chini ya koti kibakuli chenye mkate na mayai mawili. Ni kile mke wa Kinyozi humfungia kila asubuhi. Kwa wiki mbili kilikuwa kinaliwa na Macho, kwa kuwa benchi lilisema haramu kuacha chakula kiharibike.

Kinyozi akala. Alikula taratibu mpaka makombo ya mwisho, nasi tunamtazama, na katikati ya kula akakimeza kile kidonge kimoja. Halafu akafungua daftari, akalamba ncha ya kalamu, akaandika chini ya zile namba kwa herufi kubwa, akisoma kwa sauti:

— Siku kumi na nne. Kidole hakikuoshwa. Vidonge viwili. Bila chakula. Natetemeka saa tano.

Akalikunja daftari. Akaufunga mlango wa kibanda, akageuza kibao.

— Birika, zima jiko.

— Kuna nini?

— Kliniki. Wote.

— Mimi nina watu wa fotokopi... — akaanza Wakili.

— Watasubiri. Daktari atauliza kama yule mama alivyouliza, viwili nani alisema. Siendi kulijibu swali hilo peke yangu.

Tangu nianze kuuza kahawa sijawahi kuzima jiko kabla ya saa nne. Nilimwaga iliyobaki, karibu nusu birika, nikaifuata migongo yao. Kinyozi alitangulia, anatembea kwa hatua za mtu anayejua anakokwenda. Wakili na Chaji walifuata, na Macho, ambaye alikuwa amekesha lindoni, akawa wa mwisho lakini hakurudi nyuma.

Kutoka pale mpaka kliniki ni dakika ishirini kwa miguu. Hakuna aliyetoa nadharia. Mimi nilikuwa nafanya mazoezi ya sentensi moja chinichini: Daktari, wa kwanza kunyoosha mkono nilikuwa mimi. Kila nilipofika pale kwenye «mimi», nilijikuta nimesema «sisi». Nikaanza upya.