Mtungi wa Kuazima

— Mkaa umekufa, Rumbesa, zika!

— Haujafa! Umekatazwa. Maiti na mgonjwa si kitu kimoja, Katibu.

Ndivyo kulivyokucha kwenye benchi la kahawa la Hilda, kule Chimwaga, nje ya mlango wa mama yake. Hilda alimimina, jicho likirudi mlangoni. Kwa kuwa kantini kubwa zimekatazwa kuni na mkaa, pale anapopika mama yake, kati ya wapishi sita watabaki wawili, wale watakaoliweza jiko la gesi. Majaribio ni leo saa nane. Mama yake, Paskazia, alikuwa amejifungia ndani na mtungi wa gesi wa kuazima kwa jirani yao Batuli, na hadi sasa hapajanukia hata kitunguu.

Rumbesa, aliyesomba mkaa kwa pikipiki kutoka Chamwino, mara akae, mara asimame.

— Mimi sina kazi. Mshona magunia hana kazi. Hata fundi pancha wangu anapiga miayo!

— Beba mitungi, alisema Katibu, mstaafu wa masjala. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Maana yake, badili mzigo.

— Gunia lilikuwa la wiki, mtungi wa miezi miwili. Hapo katikati nibebe nini?

— Abiria.

— Abiria wangu ni wapishi, na wapishi ndio hao wanapunguzwa!

Mzee Mazengo, muuza miche, alicheka.

— Mimi ofisi zinaniagiza miti kila wiki.

— Ikikua, nani ataikata? Wahunzi wa mashoka watalala njaa! Msitu utafika mpaka bungeni, ng'ombe wapotelee humo, na sisi Wagogo tuhamie Kondoa tukauze nini?

— Tulia, ndugu yangu, alisema Katibu. Gesi naijua mimi. Unafungua, unahesabu mpaka kumi, ndipo unawasha kiberiti.

— Kumi? Utarushwa na bati lako! Kiberiti kwanza.

— Kwanza unautikisa mtungi, alisema Mzee Mazengo.

Hilda aliliacha birika juu ya makaa. Alikuwa hajaufikia mlango ulipofunguka. Mama alisimama pale, kiberiti mkononi, khanga imelowa jasho.

— Jamani, nani kati yenu amewahi kuwasha gesi kwa mkono wake mwenyewe?

Rumbesa alikaa. Mzee Mazengo akageukia miche yake. Katibu akainua kikombe kitupu, akanywa.

Mama aliwatazama mmoja mmoja, mkono mwingine ungali kwenye komeo.

— Basi nyamazeni, nisikie kama inavuja.