Kiti Kinachotazama Ukuta

Mgeni rasmi, Mkuu wa shule, walimu na wazazi wetu, shikamooni.

KARIBU
Sisi wanafunzi wa Kidato cha Tatu tunakukaribisha darasani kwetu kwa mikono miwili. Tulipangiwa tukusomee risala ya vyoo na maji. Mkuu wa shule atuwie radhi, ile tumeiacha bwenini.

HISTORIA
Muhula uliopita tulisoma riwaya ya zamani kuhusu tabia ya binadamu. Watu wamezingirwa na mafuriko ndani ya ghala la nafaka, na kila mambo yakiharibika humkalisha mmoja wao kwenye kiti kinachotazama ukuta. Mwalimu wetu wa fasihi alituuliza kiti kile ni ishara ya nini. Majibu yalikuwa mengi kuliko wanafunzi. Basi akageuza kiti kimoja pale nyuma ili tuelewe vizuri. Wiki hiyohiyo akahamishwa, akaondoka na nakala pekee ya kitabu. Kiti hakuna aliyekirudisha.

MAFANIKIO
Darasa limetulia. Tumekuwa wa kwanza kwa nidhamu, cheti kile pale juu ya mlango. Kila Ijumaa tunapiga kura ya nani akae, na anayekaa hasemeshwi na mtu wiki nzima.

CHANGAMOTO
Mgeni rasmi, tunaogopa. Mwenzetu tuliyemwita Kasuku, kwa jinsi alivyokuwa haishiwi maneno, alikaa wiki nne mfululizo. Kosa lake la kwanza lilikuwa kucheka. Alirudi kwao, na mama yake alipokuja kuchukua sanduku lake alituuliza, "Wanangu, mmemfanya nini? Hata mimi hanijibu." Hakuna anayekipenda kiti kile, lakini kila mmoja hupiga kura upesi asije akapigiwa yeye. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Chetu kimevaa sare.

MAOMBI
Tuliishia sura ya kumi, zimebaki mbili. Tunaomba utuletee kitabu, tujue wale watu waliachaje kukalishana. Kama hakipatikani, tafadhali kiti kile kigeuze wewe. Kila anayenyanyuka kukiendea hutazamwa na darasa zima, naye hurudi akaketi.

Risala hii tuliiandika sote jana. Mmoja tu alikubali kuisoma, na tangu asubuhi hakuna aliyemwitikia salamu. Kesho ni Ijumaa.

Mungu akufikishe salama nyumbani kwako, ila akucheleweshe kidogo kuondoka.

Ni sisi,
Kidato cha Tatu.